Diski Iliyojaa Murray Hill

Mtu anayeandika programu akiwa Hadado, Wajir Magharibi, kwenye kompyuta ya mkononi iliyopitia mikono kadhaa na kuwekewa Ubuntu, huanza na mstari ambao hata haufikirii: #include <zlib.h>. Hajasema faili hiyo iko saraka gani. Anaiachia kompaila ijue yenyewe, na siku nyingi inajua. Siku isipojua hukataa kwa sentensi moja kavu kwamba faili haipo, ingawa mwenye kompyuta ameiona kwa macho yake. Mwenzake wa Garissa mwenye Mac anaunakili mstari uleule na kupata jibu jingine. Wa Nairobi mwenye FreeBSD naye ana lake. Kompyuta tatu, kompaila tatu, zote zikidai kufuata lugha moja. Nani aliziambia zitafute wapi?

Habari yenyewe inaanza na diski iliyojaa.

Mwaka 1971, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiikuza Unix juu ya mashine ya PDP-11. Diski ya kwanza ilibeba mzizi wa mfumo, yaani /bin, /lib, /etc na nduguze. Diski ya pili ilifungwa chini ya jina /usr, na humo ndimo watumiaji walimokuwa na saraka zao. Mfumo ukanenepa mpaka diski ya kwanza ikakosa nafasi. Wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kazi mkononi angefanya: wakaunda /usr/bin na /usr/lib katika diski ya watumiaji, wakamwaga ziada huko. Baadaye watumiaji wenyewe walihamishiwa kwingine, lakini jina /usr likabaki na mzigo wa mfumo ukabaki humo. Vizazi vilivyofuata vilitunga sababu za heshima za kueleza kwa nini kuna /lib na tena /usr/lib: hii ni ya kuwashia mashine, ile ni ya kazi za kawaida. Sababu hizo zina mantiki, ila zilikuja baada ya tendo.

Lugha ya C ilizaliwa katika chumba hichohicho. Mwanzoni haikuwa na njia ya kuvuta faili moja ndani ya nyingine. Amri ya #include iliingia karibu mwaka 1973, kwa sehemu kutokana na msukumo wa Alan Snyder, na kwa sehemu kwa sababu lugha za BCPL na PL/I tayari zilikuwa na kitu cha namna hiyo. Kufikia toleo la saba la Unix, mwaka 1979, desturi ilikuwa imekaa: jina likiwa ndani ya alama za kunukuu, tafuta kwanza pale ilipo faili inayokompailiwa, likiwa ndani ya mabano yenye ncha, nenda /usr/include. Anwani hiyo ya /usr/include ilikuwa imeandikwa ndani ya programu yenyewe. Kwa nini isiandikwe? Mashine ilikuwa moja, kompaila moja, na waliozitengeneza walikuwa wakila chakula cha mchana meza moja.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Heda, yaani faili ya kuvutwa kama zlib.h, inataja tu majina ya kazi na umbo la data zake. Kazi zenyewe, zilizokwisha kukompailiwa, zimo ndani ya maktaba, na anayezitafuta ni programu nyingine kabisa: kiunganishi. Kiunganishi kilikuwa na orodha yake, /lib na kisha /usr/lib, isiyojua lolote kuhusu orodha ya heda. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza orodha zilikuwa mbili, zimeandikwa katika programu mbili, na hakuna kilichozifunga pamoja isipokuwa mazoea ya watu waliokaa jirani.

Kamati ya Marekani iliposanifisha C mwaka 1989 ilikuwa na nafasi ya kulimaliza suala hili. Haikulimaliza, na haikuwa kwa kusahau. Wakati huo C ilikuwa imeenea kwenye Unix, VMS, MS-DOS na mashine kubwa za IBM ambako hata dhana ya saraka haikufanana. Kiwango kikasema tu kwamba heda hutafutwa katika mahali ambapo mtengenezaji wa kompaila ataamua mwenyewe na kupaeleza. Kuhusu maktaba hakikusema hata hivyo. Ninaiona hukumu hiyo kuwa sahihi, na bado ndiyo iliyotuletea taabu: kila mtengenezaji alipewa ruhusa ya kujiamulia, na wote waliitumia.

Aliyeitumia kwa namna iliyoacha alama kubwa kuliko wote ni Richard Stallman. Kompaila yake, GCC, ilitolewa kwa umma Machi 1987, na ilikuwa na hali ambayo kompaila za awali hazikuwa nayo: ilikuwa mgeni. Iliingia katika mashine za Sun, za DEC na za HP zilizokuwa na kompaila za wenyewe, na wasimamizi wa mitambo waliiweka pale vitu vya kuletwa vilipowekwa, yaani /usr/local, saraka ambayo mwenye kiwanda ameahidi kutoigusa. Kompaila inayoishi /usr/local/bin huona ni jambo la kawaida kuwaangalia majirani zake kwanza. GCC ikawa inatafuta heda /usr/local/include kabla ya /usr/include. Sun ilipoacha kutoa kompaila ya C pamoja na mfumo wake mpya wa Solaris 2, mwaka 1992, na kuanza kuiuza kando, wengi wasiotaka kulipa walikimbilia kwa mgeni huyu, na desturi yake ikawa desturi yao.

Mgeni huyo alikuwa na jeuri pia. Heda za viwanda vingi zilikuwa na makosa, au ziliandikwa kwa mazoea ambayo kiwango cha 1989 kilikuwa kimeyakataa. Stallman na wenzake hawakusubiri viwanda visahihishe. Wakati wa kuisakinisha GCC, hati iitwayo fixincludes ilizipitia heda za mfumo, ikazinakili zenye kasoro na kuzirekebisha, kisha ikaziweka katika saraka ya GCC yenyewe, mbele ya zile za asili. Kazi nzuri, mpaka siku mwenye mashine alipoboresha mfumo wake: heda za asili zilibadilika, nakala zilizorekebishwa zilibaki zilezile za zamani, na kompaila iliendelea kuzisoma za zamani kwa uaminifu mkubwa. Saraka ya include-fixed ingali ikionekana ndani ya GCC nyingi za leo.

Wakati huo orodha ya tatu ilikuwa imeshazaliwa. SunOS 4.0, mwaka 1988, ilileta maktaba za kushirikiana: maktaba haimezwi tena ndani ya programu, bali hutafutwa upya kila programu inapoanza. Anayetafuta sasa ni kipakizi, naye ana anwani zake, pamoja na kigezo cha LD_LIBRARY_PATH ambacho mtumiaji anaweza kukiweka atakavyo. Ndipo ikawezekana programu ikompailiwe kwa heda ya sehemu moja, iunganishwe na maktaba ya sehemu ya pili, na iendeshwe kwa maktaba ya sehemu ya tatu.

Wafugaji wa Wajir wanapotaka kuhamisha ngamia hutuma sahan, watu wa kutangulia kutazama maji na malisho, na kundi zima huenda kwa taarifa yao. Fikiria familia inayotuma sahan watatu wasiosemezana: mmoja wa maji, mmoja wa malisho, wa tatu wa njia, kila mmoja akizunguka kwa mpangilio wake na kusimama pale anapopata kitu cha kwanza. Kila mmoja atarudi na habari ya kweli. Kundi ndilo litakalokwama.

Waandishi wa zlib, maktaba ya kubana data, Jean-loup Gailly na Mark Adler, walioitoa mwaka 1995, walilijua hilo vizuri. Ukisoma heda yao utaona kwamba deflateInit, kazi ya kuanzisha ubanaji, si kazi hasa. Ni kifupisho kinachoita kazi nyingine na kuipitishia siri mbili kutoka kwenye heda: nambari ya toleo na ukubwa wa muundo wa data. Maktaba huvilinganisha na vyake. Tarakimu ya kwanza ya toleo ikitofautiana, au ukubwa usipolingana, inakataa kazi na kurudisha kosa la toleo. Huo ni ulinzi wa watu waliokwisha kuona heda ya /usr/local ikioana na maktaba ya /usr/lib, na kumbukumbu ya programu ikichafuka kimyakimya. Maktaba nyingi hazina ulinzi wa namna hiyo.

Mgawanyiko uliowagusa zaidi Waafrika Mashariki ulikuja na mifumo huru ya miaka ya 1990. Linux na FreeBSD zote mbili zilimiliki kompaila, zote mbili zilitumia GCC, na zikafika kwenye desturi zinazopingana kama upande wa kushoto na wa kulia.

FreeBSD, iliyoanza 1993, ilichora mpaka mkali. Kuna mfumo wa msingi, unaotengenezwa na kutolewa kama kitu kimoja, na kuna programu za watu wengine zinazoletwa kupitia mkusanyiko wa ports, ulioanzishwa na Jordan Hubbard mwaka 1994. Hizo zote huenda /usr/local. Kompaila ni sehemu ya msingi. Ikiruhusiwa kuangalia /usr/local bila kuambiwa, basi mtu akijenga upya mfumo wa msingi anaweza kuokota heda ya kigeni bila kujua. Kwa hiyo cc ya FreeBSD haitafuti heda /usr/local/include, wala maktaba /usr/local/lib. Lazima uiambie kwa chaguo za -I kwa heda na -L kwa maktaba. Kipakizi cha FreeBSD, kwa upande wake, husomeshwa /usr/local/lib kila mashine inapowashwa. Programu ikishajengwa, itaendeshwa bila shida. Kujenga ndiko kugumu.

Red Hat na baadaye Fedora ziligeuza meza. GCC yao hutafuta heda /usr/local/include kama desturi ya mgeni ilivyokuwa, na kiunganishi hutazama /usr/local/lib. Unajenga bila kuulizwa kitu. Unapoiendesha programu, kipakizi kinasema maktaba haipo, kwa sababu /usr/local/lib haimo katika orodha yake mpaka uiongeze mwenyewe chini ya /etc/ld.so.conf.d na kuita ldconfig. Debian na Ubuntu zimekwisha kuiongeza zenyewe. Mtu aliyejifunza kwenye Debian, akahamia Fedora, akaajiriwa penye FreeBSD, atakutana na kosa lilelile katika hatua tatu tofauti za kazi, na kila mara ataambiwa kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hiyo ndiyo njia ambayo wahandisi wengi wa mitandao wa kanda hii waliipita hasa. AfNOG, umoja wa waendesha mitandao wa Afrika ambao Nii Quaynor wa Ghana alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilianza mafunzo yake mwaka 2000. Ilikuja Kampala mwaka 2003, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011. Kwa miaka mingi masomo ya Unix na huduma za seva yalifanywa juu ya FreeBSD. Mwanafunzi alisakinisha seva ya barua pepe kutoka ports, akakuta usanidi wake uko /usr/local/etc, akazoea. Kisha akarudi kazini penye Linux, ambako usanidi uko /etc. Desturi mbili katika kichwa kimoja si jambo baya, mradi mtu ajue ni desturi.

Tukumbuke pia hali ya mtandao wakati ule. Mwaka 2006 Kenya haikuwa na kebo ya baharini hata moja. Data zilipita kwa setilaiti, kwa bei ya setilaiti. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, na SEACOM mwaka huohuo. Kabla ya hapo, heda iliyokosekana haikuwa suala la kusubiri sekunde chache. Bando za simu zimeibadilisha hali, ila hazijaifuta. Debian na Ubuntu huigawa kila maktaba vipande viwili: cha kuendeshea programu, ambacho huja kimesakinishwa, na cha kujengea, chenye heda, ambacho huletwa kwa kuombwa. zlib imo tayari karibu katika kila Ubuntu, lakini zlib.h imo kwenye kifurushi kinachoitwa zlib1g-dev. Kwa Fedora kwa miaka mingi kiliitwa zlib-devel. Yule aliyeko Hadado akitafuta libz, yaani maktaba yenyewe, kwenye diski yake ataipata, kisha ataambiwa na kompaila kwamba hana zlib. Kompaila haikosei. Kwa mtu anayehesabu megabaiti, kusakinisha upya mfumo mzima kwa kudhani umeharibika ni hasara ambayo jina moja sahihi la kifurushi lingeiepusha.

Kisha zikaja biti 64. AMD ilipotoa kichakataji cha Opteron mwaka 2003, mashine moja iliweza kuendesha programu za biti 32 na za biti 64, na maktaba zenye jina moja zilihitaji makazi mawili. Red Hat na SUSE ziliziweka za biti 64 katika /lib64 na /usr/lib64, zikaacha /lib kwa wakongwe. Debian haikupenda. Ilitaka mpango utakaobeba aina yoyote ya kichakataji, si mbili tu, na baada ya mabishano ya miaka mpango huo, ulioongozwa na Steve Langasek, ukaingia kwanza katika Ubuntu 11.04 ya Aprili 2011, kisha Debian 7 mwaka 2013. Kila usanifu ukapata saraka yenye jina lake: /usr/lib/x86_64-linux-gnu, na kwa heda /usr/include/x86_64-linux-gnu.

Kwa maoni yangu huo ndio mpango bora kuliko yote niliyoitaja. Ila ulipofika haukubisha hodi. Vipande vidogo vya kuanzishia programu, kama crt1.o, vilihama kutoka /usr/lib, na GCC iliyopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa waandishi wake haikuwa na habari. Watu waliozoea kuijenga wenyewe walikuta haiwezi kuunganisha hata programu ya mistari mitatu, huku GCC ya Ubuntu, iliyotiwa viraka na Ubuntu, ikifanya kazi vizuri kwenye mashine ileile.

Clang ilikuwa na tatizo la kipekee. Apple iliifungua kwa umma mwaka 2007 kama mshindani wa GCC, lakini kwenye Linux kwa kawaida huegemea mali za GCC: vipande vya kuanzishia na maktaba ya C++. Hivyo huzunguka saraka zinazojulikana, ikitafuta GCC iliyosakinishwa, na huchagua yenye nambari kubwa zaidi. Katika Ubuntu imewahi kutokea kwamba saraka ya GCC 12 ipo kwa sababu ya kifurushi kingine, huku heda za C++ zilizopo ni za 11. Clang huchagua 12, halafu hulalamika kwamba iostream haipo. Kufuta au kuongeza kifurushi kimoja kunatosha, lakini nani angebahatisha kifurushi kipi?

Upande wa Mac, Homebrew ya Max Howell, iliyotoka mwaka 2009, ilichagua kukaa /usr/local kwa sababu rahisi: kompaila na hati nyingi za ujenzi tayari zinaangalia humo. Kwa miaka kumi uamuzi huo ulibeba kazi ya maelfu ya watu wasiojua kwamba upo. Apple ilianza kwa kuiondoa /usr/include yenyewe. Katika macOS Mojave ya 2018 heda zilihamia ndani ya kifurushi cha kujengea, na kifurushi cha mpito kilichozirejesha kiliondoka mwaka uliofuata. Halafu mwishoni mwa 2020 zikaja Mac za kichakataji cha M1. Homebrew, ili programu za Intel na za M1 ziweze kukaa pamoja, ilienda /opt/homebrew, mahali ambapo kompaila ya Apple haitazami. Mradi uliojengwa bila tatizo tangu 2009 ukasimama. Haukuwa umevunjika mwaka 2020. Ulikuwa ukiegemea ukuta wa jirani muda wote.

Dawa zimetafutwa. James Henstridge aliandika pkg-config mwaka 2000: kila maktaba iweke faili ndogo yenye kiendelezi cha .pc ikieleza heda zake ziko wapi na maktaba yake iko wapi, kwa pamoja, ili orodha mbili za kwanza zitoke mdomo mmoja. Ni dawa nzuri, isipokuwa pkg-config nayo ina orodha yake ya saraka za kutafutia faili za .pc, na orodha hiyo hutofautiana kati ya mfumo na mfumo. Waliojaribu kuwa waangalifu kupita kiasi nao waliumia. Miradi mingi ilikuwa na mazoea ya kuitajia kompaila /usr/include waziwazi, kwa -isystem, ingawa tayari imo katika orodha. GCC 6 ilipotoka mwaka 2016, kuitajia kile inachokijua kuliibadilisha foleni: heda za C++ zinazosema "nipe stdlib.h inayofuata baada yangu" zikakuta hakuna inayofuata, na miradi hiyo ikagoma kujengwa.

Hata mgawanyo wa Murray Hill ulianza kufutwa: Fedora iliamua mwaka 2012 kuziunganisha /bin na /usr/bin, /lib na /usr/lib, na nyingine zikaifuata. Kompaila hazikuhitaji kubadilishwa sana kwa hilo. Viungo vya zamani viliachwa vikielekeza kwenye makazi mapya.

Kiwango kipya cha C, kinachojulikana kama C23, kilichapishwa mwaka 2024. Mahali pa kutafuta heda pameachwa kwa mtengenezaji wa kompaila, kama ilivyokuwa mwaka 1989. Kimeongeza amri mpya, #embed, iliyopiganiwa kwa miaka na JeanHeyd Meneide, inayoruhusu kuingiza picha au data yoyote moja kwa moja ndani ya programu. Faili hiyo ya data nayo lazima itafutwe, na kiwango kimesema itafutwe mahali mtengenezaji atakapoamua. Clang na GCC zimeshaipa chaguo lake, --embed-dir, lisilohusiana na -I wala na -L. Orodha sasa ni nne, bila kuhesabu ya pkg-config.